Bomba la Bwana Vidonge

Mtaani kwetu ukiulizia nyumba ya mtu anayetengeneza vidonge, utaelekezwa bila kuzungushwa, na anayekuelekeza atataka kujua unaumwa wapi. Shemeji yangu amekwisha choka kujieleza. Ni kweli hutengeneza vidonge, lakini vyake ni vya metali, na ukimeza kimoja umejitafutia mwenyewe. Hilo halijawazuia majirani kumgongea mlango wameshika matumbo. Yeye hana moyo wa kumrudisha mtu mikono mitupu, basi huwapa maji ya moto na kuwahimiza waende zahanati. Wakipona wanamsifu yeye, zahanati haitajwi. Hivyo ndivyo alivyobandikwa jina la Bwana Vidonge, na mimi ndiye niliyelisambaza.

Mimi ni mdogo wa mke wake. Shemeji ni mtu wa kutaniwa, na huyu wetu nimemtania tangu siku aliyoletwa nyumbani. Shida ni kwamba kila nikimrushia neno alikuwa akilitafakari kwanza, kisha ananijibu taratibu, kana kwamba nimemuuliza jambo la maana. Mtu wa namna hiyo anachosha. Ilinichukua muda kugundua kwamba nampenda kama kaka wa tumbo moja.

Yeye ni fundi wa maabara chuoni, chumba cha chini kabisa, mwisho wa korido, mlango ambao usipousukuma kwa bega haufunguki. Humo huchanganya chumvi za metali na maji na vitu vingine ambavyo sitajifanya navijua, akazifungia kwenye mikebe ya chuma cha pua, akazioka kwenye tanuri la maabara polepole, akaziacha zipoe polepole zaidi. Kinachotoka ni chengachenga zinazometameta, ambazo yeye huziita kiunzi. Nilipomwomba anieleze kama anavyomweleza mtu mwenye akili zake lakini asiye na muda, alisema ni vifundo vidogo sana vya metali na oksijeni, vilivyoungwa kwa viungo vya kaboni, hadi kikapatikana kitu kama jengo ambalo halijapigwa kuta: nguzo na boriti tupu, na katikati vyumba. Vyumba hivyo ndivyo mali yenyewe.

Chenga hizo huzisaga, akazitia kwenye mashine ya kugandamiza, akatoa kidonge cheupe kisichozidi kifungo cha shati. Kidonge kinawekwa kati ya nyaya mbili ndani ya kisanduku chenye joto na unyevu, naye anakaa pembeni kupima jinsi protoni zinavyopita. Nikamuuliza protoni ndiyo mdudu gani. Akafikiri, akasema ni haidrojeni iliyovuliwa nguo zote. Inapita kwa sababu ndani ya vyumba vile kuna maji, na maji yanapokezana, huyu anampa yule, kama watu wanaopokezana ndoo nyumba ikiwaka moto. Kukikauka, hakuna wa kupokea, na kazi inasimama. Alisema siku moja vidonge vya aina hii vitakaa ndani ya mitambo ya kutoa umeme kwenye haidrojeni. Nikamuuliza siku ipi hiyo. Akasema, shemeji, mimi napima tu.

Vidonge vingi hupasuka kabla ya kupimwa. Mwingine angevitupa, lakini shemeji yangu hatupi kitu. Alikuwa akivikusanya kwenye mitungi, rafu nzima, na mkuu wake wa maabara, mama mmoja mcheshi, aliita ile rafu makaburini. Kumbuka hayo makaburi, tutayahitaji.

Sasa nyumbani kwetu. Mama yetu ni mtia rangi nyuzi. Nyuzi nyeupe zinakuja kwa mafungu, zinaingia kwenye sufuria kubwa za Mama uani, zinatoka buluu ya sweta za shule, tunazisuuza kwenye mabeseni, tunazianika, wafumaji wanakuja kuzichukua. Baba alipofariki tulibaki na zile sufuria, na sufuria ndizo zilizotusomesha. Kucha zangu ni za buluu mpaka leo na sijawahi kununua rangi ya kucha. Mbele ya nyumba kuna kiduka cha sweta, na hapo ndipo Bwana Vidonge alipomwona dada yangu. Alinunua sweta ya kwanza msimu wa joto. Akarudi akanunua nyingine. Aliporudi mara ya tatu, jasho likimtiririka, ndipo dada alipoelewa kwamba mtu huyu hasikii baridi.

Mama alimpokea vizuri, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Mama yetu ni mkali. Akikupenda, anakugombeza. Dada anagombezwa, mimi nagombezwa, wafumaji wanagombezwa, na paka wa jirani anayelalia nyuzi zetu anagombezwa kwa jina la ukoo. Lakini shemeji alikuwa mkwe, na mkwe anatunzwa. Akija anakalishwa sebuleni kwenye kiti chenye kitambaa, anapewa kikombe chenye ua, anaitwa baba. "Baba, umeshiba?" "Baba, hujambo kazini?" Kati ya sebule na ua kuna pazia, na miaka yote hiyo hakuwahi kulivuka. Kila mtu anajua mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini kwa Mama ile siku ya tatu ilikuwa haijafika. Na yeye kwa adabu yake hakuthubutu hata kuchungulia. Siku moja nilimkuta amekaa peke yake na kile kikombe, dada na Mama wanakoromeana huko uani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, Mama hajawahi kunigombeza hata mara moja." Nilicheka. Yeye hakucheka, nami nikaona haya.

Basi, maji yetu ya kusuuzia yalikuwa yakienda mtaroni, na mtaro unashuka mpaka kijito cha bondeni. Bondeni kuna mama mmoja analima mboga. Yeye huziosha kwenye kile kijito kabla ya kuzipeleka sokoni, na wateja walikuwa wameanza kumuuliza kwa nini mizizi ya mchicha wake ina rangi ya kalamu. Alikuja kwetu mara kadhaa kwa uungwana. Tukamwahidi, tukasahau. Mwishowe akaenda kwa bwana afya. Nilikasirika sana wakati ule, nikamwita mchongezi, ila haki ilikuwa yake na nilijua hivyo huku nikimtukana.

Bwana afya alikuja na koti lake la kaki, akautazama mtaro, akatazama sufuria, akasema hana ugomvi na mtu. Maji yakitoka humu mwisho wa mwezi yakiwa bado yana rangi, analifunga geti. Mama akamjibu amesikia. Akarudi kwenye sufuria zake, na tangu hapo hakugombeza mtu. Nilisahau mafungu mawili juani yakapauka, nikajiandaa kwa mvua ya maneno, Mama akayaokota akayaweka pembeni kimya. Paka alilala juu ya nyuzi mchana kutwa. Usiku ule dada na mimi tuliambiana tunachokijua wote wawili, kwamba Mama anaogopa.

Jumapili iliyofuata shemeji alikuwa sebuleni kama kawaida yake. Dada akamweleza. Shemeji akatua kikombe akasema kwa kulielekea pazia, maana Mama alikuwa upande wa pili, "Mama, unga wangu unakunywa buluu."

Pazia likafunguka. Mama akamtazama kama anayemsikiliza mgonjwa.

Akaeleza. Vile vifundo vya metali ndani ya kiunzi chake vina chaji hasi, na ile buluu ni ya aina yenye chaji chanya. Zikikutana zinavutana, buluu inaingia vyumbani inatulia. Wanafunzi pale chuoni, wakitaka kujua kama vyumba viko wazi, hudondosha rangi ya buluu kwenye maji wakatia unga, na baada ya muda maji yanakuwa meupe na unga unakuwa buluu. Na yeye anayo rafu nzima ya vidonge vilivyopasuka, visivyo na kazi. Akivisaga akavishindilia kwenye bomba pamoja na mchanga, maji ya Mama yanaweza kupita humo na kuacha rangi yake. Aliomba kitu kimoja tu, chupa ya maji machafu akayajaribu kwanza maabara.

Hapo ndipo sisi watu wa adabu tulipoharibu kila kitu.

Mama akaichukua chupa, akaiosha kwa sabuni, akaisuuza, akaikausha kwa kitambaa safi. Halafu akasimama mbele ya mabeseni akiwaza. Sufuria ilikuwa pale, nzito, nyeusi kwa rangi. Beseni la kwanza la kusuuzia lilikuwa chafu, la pili afadhali, la tatu lilikuwa na ubuluu wa anga tu. Nilipoona anainama kwenye la tatu nikamuuliza kama hayo ndiyo maji machafu. Akaniambia kwa mnong'ono, huyu ni mkwe, utampaje mkwe maji machafu? Akaijaza chupa maji mazuri kuliko yote tuliyokuwa nayo, akaifunga, akaifunika kitambaa, akampelekea kwa mikono miwili. Naye akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na kwa kuwa mkwe hamhoji mama mkwe mambo ya jikoni kwake, hakuuliza yametoka wapi wala yana nini ndani. Ungetuona ungesema hawa watu wamelelewa.

Maabara chupa ile ilikwenda vizuri mno. Maji yalitoka meupe kabisa. Mkuu wake alipoona, akamwambia achukue makaburi yote akayafufue. Shemeji akashinda siku kadhaa anasaga. Alikuja kwetu na bomba la plastiki refu kama mtoto wa darasa la kwanza, limeshindiliwa mchanga na unga, chini kuna kitambaa na koki. Alilifunga kwenye ukuta wa ua, kwa nje, upande wa mtaroni, ili asilazimike kupita kwenye pazia. Mwenyewe alizunguka kwa nyuma, kwenye majani, na viatu vyake vya Jumapili.

Siku ya bwana afya ikafika. Alikuja na chupa yake ya kioo, na mama wa mboga akaja nyuma yake, amejifunga khanga kifuani tayari kwa lolote. Mama alikuwa amevaa gauni la sherehe na juu yake aproni. Na kwa kuwa siku ile ilikuwa kubwa, alitaka hata rangi itoke ya kumpendeza mgeni, basi alikuwa ametia kwenye sufuria kila kitu kwa mkono mkunjufu.

Tulianza na maji ya mabeseni. Nilikuwa napanda kwenye kiti kumimina, na shemeji amechutama chini kwenye koki. Yaliingia ya buluu, yakatoka kama ya kunywa. Ndoo ya pili vilevile. Bwana afya akainua chupa yake juani, akatikisa kichwa kwa namna nzuri. Mama wa mboga akalegeza khanga. Dada alinifinya mkono nikamwona anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze, na mimi nikaanza kuwaza maneno ya kumtania shemeji mpaka azeeke.

Bwana afya akasema vizuri, sasa tumimine na ile ya sufuria tumalize.

Nikamimina ya sufuria. Kwa muda kidogo hakikutoka kitu. Kisha koki ikakohoa, na bomba likatapika. Sijui neno jingine. Yalitoka maji ya buluu iliyokolea kuliko ile niliyoimimina, buluu ya wino, yakazidi kuja, yakajaza ndoo, yakamwagika, yakaingia mtaroni na kuondoka zake bondeni mbele ya macho ya mwenye mchicha. Shemeji aliifunga koki, akaifungua, akaifunga tena. Rangi yote tuliyokuwa tumeifungia mle tangu asubuhi ilikuwa inarudi kwa pamoja.

Bwana afya alingoja mpaka yalipoisha kutiririka. Alisema hajawahi kuona chujio linaloongeza uchafu. Kwa heshima ya mama huyu, anatupa wiki moja, akija akikuta vile, geti linafungwa na hataki kusikia habari ya bomba. Mama wa mboga aliondoka anajifunga upya khanga yake. Mama akaingia ndani, akarudi na mifuniko ya sufuria, akaanza kuzifunika moja baada ya nyingine. Niliumia kumwangalia. Alizifunika kwa utaratibu ule aliotumia siku tulipourudisha mwili wa Baba kutoka hospitali.

Dada, akiwa sebuleni, akamwita mumewe, akamwambia chai iko tayari, aje akae. Shemeji alikuwa bado mtaroni. Akapanda ukingo wa ukuta, akarukia uani kwetu, akaangukia magoti, akanyanyuka. Akageuza ndoo juu chini akakaa juu yake, katikati ya mabeseni, shati lake jeupe limetapakaa buluu. Mama aliganda na mfuniko mkononi. Hajawahi mkwe kukaa kwenye ndoo nyumbani kwake.

"Baba, huku ni kuchafu. Nenda ukakae sebuleni."

"Sitaki sebule, Mama," akasema. "Naomba uniambie kila kitu unachokitia kwenye hiyo sufuria. Chochote. Hata kama ni kidogo."

Mama akanitazama mimi kama anayeomba msaada. Mimi nikatazama paka. Basi akaanza kutaja, macho chini, kwa aibu ya mtu anayesomewa barua zake hadharani. Maji. Poda ya rangi. Siki, ili rangi ishike. Na chumvi.

"Chumvi?"

"Chumvi, baba. Bila chumvi rangi inaushambulia uzi kwa pupa, inatoka madoamadoa. Chumvi inaituliza, inaingia taratibu."

"Chumvi kiasi gani?"

Mama akamwonyesha kopo. Kisha, kwa kuwa alikuwa mkweli, akasema kwamba leo alitia makopo zaidi, kwa ajili ya wageni.

Shemeji yangu alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka kwa sauti, ni kicheko kibaya sana, kinakwama kwama kama gari bovu, na kilimshinda mpaka akashuka kwenye ndoo. Alipopata pumzi akatueleza. Chumvi nayo ina chembe zenye chaji chanya, ndogondogo, nyingi kupita kiasi. Zikiingia kwenye vyumba kwa fujo zinainyang'anya buluu nafasi, na buluu haina budi kutoka. Yeye mwenyewe pale maabara, akitaka kuusafisha unga uliokwisha kunywa rangi ili autumie tena, huuosha kwa maji ya chumvi. Kila wiki anaosha kwa chumvi. Na leo amepanga foleni pamoja nasi kuuosha mbele ya serikali.

"Mbona yale ya chupa hayakuwa na chumvi?" akauliza.

Nikasema yalitoka beseni la tatu. Mama akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, kwamba aliona vibaya kumpa machafu.

"Na mimi niliona vibaya kuuliza," akasema shemeji.

Walitazamana pale, yeye kwenye sakafu yenye maji na Mama na mfuniko wake, na mimi nilikuwa na maneno mengi juu ya watu wawili wenye heshima lakini kwa mara moja maishani mwangu niliyameza.

Kazi ilikuwa bado. Bila chumvi hakuna sweta, na kwa chumvi hakuna bomba. Shemeji akaanza kuhesabu kwa vidole mambo ya kuondoa chumvi kwenye maji, akasema yanataka mitambo ambayo chuo chenyewe hakina. Alizunguka sufuria akainusa, akachovya kidole. Akamuuliza Mama kwa nini anaimwaga sufuria kila jioni. Mama akasema rangi inakuwa imepungua, uzi wa mwisho unatoka dhaifu. Chumvi je, inapungua? Mama akafikiri. Hapana, chumvi inabaki, ni rangi tu inayoliwa na uzi.

"Basi usiimwage," akasema. "Ibaki. Uwe unaongeza rangi na siki kidogo. Tukamue nyuzi juu ya sufuria zisichukue chumvi, na kitakachopita kwenye bomba ni maji ya kusuuzia peke yake. Yale bomba linayaweza."

"Na bomba likishiba?"

"Likishiba nitaliosha kwa chumvi, kama maabara. Ile buluu itakayotoka nitaibeba nikaitupe chuoni, wana mahali pake."

Mama akatua mfuniko. Nilimwona anaamka usoni, kama mtu aliyesikia bei.

"Uitupe? Rangi yangu?" akasema. "Si umesema chumvi inaitoa? Sufuria yangu si ndiyo hiyo imejaa chumvi? Ipitishe sufuria kwenye bomba, buluu irudi sufuriani. Mimi nitakuwa nanunua poda ya nini kila mwezi?"

Shemeji aliniambia baadaye kwamba miaka yote aliiangalia ile buluu kama kitu cha kuosha na kusahau, kazi yake ikiwa protoni, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba inaweza kuwa na mwenyewe. Na Mama naye asingejua kwamba rangi iliyokwisha kwenda na maji inaweza kurudi. Walianza pale pale. Sisi wengine tulipewa ndoo.

Wiki ile shemeji alitoka kazini akaja kwetu moja kwa moja kila siku, kwa mlango wa nyuma. Dada alilalamika kwamba aliolewa na mtu akaachiwa kiti. Walilihamishia bomba ndani ya ua, wakajaribu, wakakosea, unga ukaziba, wakaongeza mchanga. Walijifunza kulisuuza bomba likishaoshwa na chumvi, maana wasipofanya hivyo lilikataa kunywa. Bado alimwita Mama kwa adabu zote na Mama bado alimwita baba. Walikuwa wakiombana samahani kila wakigongana na ndoo. Sufuria ilianza kuwa na historia: buluu ya Jumatatu ilikuwa humo na ya Jumanne, na uzi ulitoka sawasawa, bila doa. Lakini Mama alikuwa bado hagombezi mtu. Paka alinenepa.

Bwana afya akarudi siku aliyosema. Mama wa mboga alikuja naye, na safari hii mkononi alikuwa na kitambaa cheupe. Hatukuwa na gauni la sherehe. Tulikuwa kazini, mvuke umejaa ua mzima, nyuzi zinachemka. Tukampitishia maji ya beseni la kwanza, lile chafu kuliko yote, Mama mwenyewe aliyachota. Yakatoka meupe. Bwana afya akauliza iko wapi ya sufuria. Shemeji akamwambia ya sufuria haimwagwi tena, akamwonyesha inakokwenda na inakorudi. Bwana afya hakuwa mtu wa kuamini maneno. Akaufuata mtaro kwa miguu mpaka bondeni, akarudi na matope kwenye viatu. Tulisimama tumeshika mabeseni tukimngoja aongee.

Aliyetangulia ni mama wa mboga. Aliinama, akatumbukiza kitambaa chake kwenye maji yaliyokuwa yakitoka kwenye koki, akakiacha humo, akakitoa, akakikamua, akakitandaza juu ya mkono wake mbele ya mwanga. Kilikuwa cheupe kama alivyokuja nacho. Akakikunja.

"Mimi sina neno," akasema.

Bwana afya akasema naye hana neno. Atakuwa anapita mara kwa mara, na geti libaki lilivyo. Akaondoka. Mama wa mboga alibaki nyuma kidogo kuulizia bei ya sweta ya mjukuu, nami nikampunguzia bila kuulizwa, kwa sababu alikuwa ananidai radhi na mwenyewe hajui.

Shemeji alikuwa bado pale kwenye bomba. Amesimama wima, mikono inaning'inia, anayatazama yale maji meupe yanavyotoka, na usoni ana tabasamu la mtu aliyesahau alipo. Nyuma yake sufuria kubwa ilikuwa inapanda. Povu la buluu lilifika ukingoni, likavimba, likaanza kumwagikia motoni. Mimi niliona na nilikuwa nafungua mdomo, ila kuna mtu alinitangulia.

"Wewe!"

Tukaruka wote. Mama alikuwa mlangoni, pazia amelitupa nyuma, mkono kiunoni.

"Wewe, umesimama hapo unachekea bomba kama bwana harusi, rangi inamwagika huna macho? Nyuzi za watu hizo! Chuo chote hicho hawakukufundisha kuangalia moto? Shika mti ukoroge! Na hivyo viatu, nani alikwambia uje kazini na viatu vya Jumapili? Koroga, mwanangu, koroga mpaka chini, usinitie aibu!"

Paka alishuka kwenye nyuzi akaruka ukuta.

Shemeji aliukamata ule mti wa kukorogea kwa mikono miwili, akainama juu ya sufuria, akakoroga. Mama akasimama pembeni yake akiendelea kumsomea, polepole, haraka, siyo hivyo, umejifunzia wapi, na yeye anaitikia ndiyo Mama, ndiyo Mama, mvuke umemfunika mpaka mabegani. Dada akatoka ndani kuona kuna nini. Alimtazama mumewe kwa muda, kisha akanisogelea akaniuliza kwa nini analia.

Nikamwambia ni mvuke wa siki.